Habari Alizobeba Ma Koku

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nionapo mgomba umelala chini na mkungu wake mchanga. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha, Ukimwi ukawa umetuingia majumbani. Nilikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, msaidizi wa watafiti wa migomba kule Kimwani, Muleba. Kalamu moja ingetosha, lakini nilipenda watu waone.

Watafiti wetu walipambana na fukusi, mdudu anayetoboa mgomba huko chini hata upepo mdogo unauangusha. Walikuwa wamepata dawa isiyouzwa dukani: chukua chipukizi, limenye mizizi na ngozi ya chini, litumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka, kisha lipande. Mimi ndiye niliyeandika hayo daftarini, na nikajiona mtunza siri za serikali.

Bukoba mjini, pale Buhembe, kulikuwa na watafiti wengine, wa Ukimwi. Hawakutujua, nasi hatukuwajua. Aliyetujua sote ni Ma Koku, mama wa makamo, mzaliwa wa Kimwani aliyeolewa Kitendaguro, hapo hapo Bukoba mjini. Aliwatembelea wagonjwa wa Buhembe kwa niaba ya wale madaktari, na mwisho wa juma alikuja kwao Kimwani. Kwetu Wahaya huingii kwa mtu bila kuulizwa amakuru, habari za utokako. Wengi wetu hujibu "nzuri" tukakaa. Ma Koku alijibu kweli, nyumba kwa nyumba, hata chai ikapoa.

Siku hiyo alinifuata kwenye kituo chetu cha utafiti. Akanieleza habari za wasichana wawili wa Buhembe waliofiwa na baba, kisha mama. Kibanja chao, shamba la migomba walilorithi, kilikuwa kinakufa, migomba inaanguka ovyo. Baba yao mdogo alishasema kibanja kisichotunzwa kinarudi kwa ukoo, na wazee wangekuja kukikagua baada ya mvua.

"Nipe hiyo habari ya maji ya moto, nikawape," akasema.

"Ma Koku, utafiti haujaisha. Na hao ni watu wa Ukimwi, si wetu."

"Waitu, mwanangu, kila juma nazika mtu pamoja na anachokijua. Wewe u hai, mbona cha kwako umeshakizika?"

Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Nikaenda kumwomba ruhusa mkubwa wangu, naye akanishangaa: "Kwani nani alikukataza?" Kumbe katazo lilikuwa langu peke yangu!

Tukaenda Buhembe, tukapasha maji kwenye sufuria kubwa la msibani, tukapanda na wale wasichana. Bibi jirani alitutazama, akacheka. "Haya, machipukizi mmeyaponya. Na fukusi waliobaki shambani je?" Akapasua gogo la mgomba, akalilaza kifudifudi. Siku ya tatu fukusi walikuwa wamejaa chini yake, tukawaokota na kuwachoma. Ma Koku akaipeleka habari hiyo Kimwani, na wasomi wangu wakaacha chakula wakaandika.

Mvua zilipokatika, wazee wa ukoo walikuja na baba mdogo. Walizunguka kibanja, wakashika machipukizi moja moja, yote yamesimama imara. Kisha mkubwa wao akamgeukia baba mdogo: "Kibanja hiki kina wenyewe." Basi. Wale wasichana wanakula matoke yao hapo hadi leo.

Mwanangu, Ma Koku hakugundua kitu, na bado namhesabu mkubwa kuliko sisi sote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Watafiti wa Kimwani walikuwa na zao, yule bibi alikuwa na zake, na bila mama yule wa kupita katikati kila mmoja angekufa na nusu yake. Kwa hiyo ukisoma, usione fahari kukaa na wa fani yako tu. Fanya urafiki na watu wasiojuana. Ukitoka kwa hawa kwenda kwa wale, wabebee kitu walichojifunza, na urudi na kingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyoambiwa.

Mungu akupe miguu isiyochoka na mdomo usio mchoyo, na kila utakapobisha hodi, waliomo ndani wapate nafuu kwa kuja kwako.