Mwaka Baba Aliposhindwa na Msumari

Msumari ukikunjwa kwa mikono hautoi sauti yoyote. Sauti hutoka kwa anayeukunja. Baba yangu alivuta pumzi kwa pua, akaizuia, kisha akaiachia taratibu kati ya meno kama mtu anayepuliza uji wa moto. Ndiyo sauti iliyoniamsha kila asubuhi nyumbani kwetu Karatu, mapema miaka ya themanini, kabla mama hajawasha moto na kabla ukungu haujaondoka mashambani. Nikifungua dirisha la mbao nilimkuta amesimama uani na fulana tu, pumzi yake ikifuka kwa baridi, ameshika msumari wa inchi sita aliouzungushia kipande cha mpira wa tairi usimkate viganja. Aliuweka usawa wa kifua, akakaza vidole gumba katikati, mabega yakapanda, na chuma kikaanza kutii. Kikishapinda, aliziingiza ncha mbili ndani ya viganja na kuzibana mpaka zikakaribiana, mikono ikiwa imekutana kama ya mtu anayesali.

Zoezi hilo alilipata kwa dereva mzee aliyemfundisha kazi. Usukani wa malori ya wakati ule ulikuwa mzito, unataka mtu mwenye mikono, na barabara ya vumbi inayopanda kutoka Mto wa Mbu, pamoja na ile ya kwenda ukingoni Ngorongoro, hazikumsamehe mlegevu. Baba alianza na misumari ya inchi nne akiwa utingo, akaenda tano, akafika sita, na nilipotimiza miaka kumi alikuwa anakunja boliti za bodi ya lori. Siku za mnada vijana walimletea vyuma vyao ajaribu. Yeye alicheka na kuwaambia kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, lakini chuma unakikunja kikiwa kikavu hivyo hivyo. Walimwita Gwandu Chuma. Mimi, Yasinta, mtoto wake wa kwanza, nilikwenda shule kifua mbele, nikijua hakuna mwingine mwenye baba kama wangu.

Kazi yangu ilikuwa kunyoosha. Bidhaa zilikuwa adimu miaka ile, msumari ulikuwa mali, na hakuna aliyethubutu kuutupa. Kila jioni niliipanga misumari ya asubuhi juu ya jiwe la kufulia, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikanyooka, nikaitia kwenye kopo ikisubiri fundi wa kuezeka. Ndiyo maana mimi nilijua kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa darasa la sita, mwezi wa tisa, nilipoona kazi imekuwa nyepesi. Msumari uliozoea kuja umekunjwa ncha kwa ncha ulikuja umepinda kama kiwiko. Baada ya wiki chache ulikuja umepinda kidogo tu, kama mwezi mchanga, tena pindo lenyewe limekwenda upande mmoja, kwa sababu mkono wa kulia haukusukuma sawa na wa kushoto. Boliti zilikuwa zimetoweka kabisa uani. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi niliyaona mawingu yakijikusanya, nikakosa wa kumwonyesha. Nilianza kuficha msumari mmoja kila wiki chini ya godoro langu badala ya kuunyoosha. Sikujua ninauweka wa nini. Nilijua tu kwamba nikiunyoosha nitakuwa nimesema uongo.

Tangu hapo nilimtazama kila alichofanya. Nilimwona akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akisingizia baridi. Nilimwona akifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, amegeukia ukuta. Darasani mwalimu aliuliza swali na mimi nikawa nahesabu kona za mteremko wa Mto wa Mbu. Lori likichelewa kurudi, niliacha chakula sahanini. Mama aliniuliza kama naumwa, nami nikajibu kuwa siumwi.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili baba alinichukua katika safari ya kupeleka unga na chumvi kwa wafugaji wa Kakesio. Utingo alikaa nyuma juu ya magunia, mimi mbele pamoja na baba. Baada ya geti la Ngorongoro tuliingia kwenye ukungu mzito, miti ikining'iniza ndevu zake nyeupe juu yetu na maji yakidondoka kwenye kioo. Kwenye kona moja ya kupanda, mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye gia, usukani ukabaki kwa mkono wa kulia peke yake. Nikaona vidole vikifunguka. Havikuteleza, vilifunguka polepole, kimoja baada ya kingine, kama vya mtu anayepitiwa na usingizi. Lori likaanza kuelekea korongoni. Niliurukia usukani kwa mikono yote miwili, nikauvuta kwa uzito wangu wote, na mkono wake wa kushoto ukawahi kurudi. Tukasimama, gurudumu la mbele liko kwenye majani ya ukingo. Kutoka nyuma utingo aliuliza kuna nini, na baba akamjibu kuwa tumempisha nyati.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Ni baridi tu," akasema. "Mama yako asisikie."

Nilikubali. Tulifika na kurudi kwa mwendo wa kobe, na siri ile niliibeba wiki nzima. Kisha kwaya ya kanisa letu ikalikodi lori kwenda Arusha kuimba, watu thelathini nyuma, mama yangu akiwa mmoja wao, na njia yao ni ule mteremko. Baba alikubali kuendesha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kifo hicho kikija na lori zima kitawaumbua wangapi.

Siku mbili kabla ya safari nilifunga misumari yangu kwenye kanga ya mama, nikaenda dukani kwa Mzee Hemedi, mwenye lori. Nilimwamkia, nikaipanga juu ya kaunta, wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Huu ni wa mwezi wa tisa, mzee," nikasema. "Huu ni wa juzi."

Aliitazama mmoja mmoja. Ulimi ukanifunguka nikamweleza ya kwenye ukungu, huku nimeng'ang'ania ukingo wa kaunta.

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Basi nenda nyumbani, mwanangu. Hukuja hapa."

Kesho yake baba aliitwa. Alirudi mchana kwa miguu, bila funguo. Kwaya ilipelekwa na dereva mwingine, ikaenda na kurudi salama, na mama alirudi sauti imekauka kwa kuimba. Lakini mimi sikupata amani. Nilijua baba anajua, maana mle mbele kwenye lori tulikuwa wawili tu. Nilingoja anichape, ningefurahi angenichapa. Badala yake alinyamaza. Alipita karibu yangu kama anayepita karibu ya kiti, na uani asubuhi hakukuwa na mtu. Mama alimpeleka hospitali, wakaambiwa ni mishipa ya fahamu ya shingoni, imebanwa siku nyingi, na kwamba mkono ule hautarudi ulivyokuwa. Mzee Hemedi akamweka kusimamia upakiaji wa magunia. Wakati wa mavuno aliniita nimsomee hati ya ngano iliyotoka Mbulumbulu. Tukaanza kuzungumza tena, ila si juu ya jambo lile.

Alilizungumza mara moja tu, uzeeni, nikimfunga vifungo vya sweta. Alisema siku ile alikuwa amekaa kwa kinyozi, mkabala na soko, akaniona napita na kanga, vyuma vinagongana, na akajua naelekea kwa nani. Nikamuuliza kwa nini hakuniita.

"Ningekuita," akasema, "ungerudi."

Sasa barabara ni ya lami mpaka getini, na usukani wa magari ya watalii unazungushwa kwa kidole kimoja. Mimi nimempita baba umri aliokuwa nao mwaka ule. Mwezi uliopita, mezani, mbele ya wajukuu, binti yangu aliniambia kuwa macho yangu hayaoni vizuri jioni, niache kuendesha. Hakutetemeka, wala hakutafuta mtu wa kumsemea. Alisema huku akinipakulia mboga. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikampa funguo.