Chama na Mnunuzi Binafsi Ndani ya Nyumba Moja

Nakumbuka ile mvua, mwanangu, maana juzi uliponiambia unatamani kumfungia mtoto chumbani uende zako, niliisikia tena juu ya bati. Wala sikukushangaa. Mimi wa kwetu nilimshikia kamba kabisa.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Zamani tuliuzia chama cha ushirika tu, mara wanunuzi binafsi wakaanza kuingia vijijini na mizani zao, kila mmoja anamvuta mkulima kwake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani kwa Bibi, nasubiri matokeo, nina haraka na kila kitu. Dada yangu alikuwa amekwenda Lamadi kuchukua samaki wa kuuza, akaniachia mwanaye Mabula, wa miaka saba. Jina hilo Wasukuma tunampa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Huyu nadhani alizaliwa pamoja na radi zake.

Mvua za mwisho zilikataa kuisha. Korongo nyuma ya nyumba likajaa, likabeba mbuzi wa jirani huku tunamwangalia. Kwa hiyo mtoto hatoki nje. Na ndani ndiko tulikorundika pamba ya mwanzo isilowe, mpaka pa kukanyaga hapakuonekana.

Sasa mwache Mabula humo. Anaruka kwenye pamba, anatoka, anapanda dirisha, anauliza swali, hangoji jibu, anauliza lingine. Ukimwambia tulia, anatulia kama maji kwenye chujio. Nikageuka kukoleza moto tu, mlango wazi. Nilimkimbilia, nikamdaka shati kwenye ukingo wa korongo, anacheka, anataka kuona mbuzi ameishia wapi.

Nikamrudisha ndani. Nikachukua kamba ya ndama.

"Unafanya nini na hiyo kamba, mayu?" Bibi akauliza. Mayu ni mama, ndivyo alivyoniita.

"Namfunga kwenye kitanda. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

"Ni kweli, hulia yeye. Ila wewe hujamchelea. Umemchoka."

Mwanangu, neno lile liliniuma kuliko kofi. Kumbe nilikuwa nimechukua methali ya wazee nikaifunika uchovu wangu. Bibi akaendelea taratibu tu, "Ndama anayeruka ni mzima. Asiyeruka ndiye anayetunyima usingizi. Rudisha kamba."

"Basi mshike wewe!" nikamjibu. Ndiyo, nilimjibu bibi yangu hivyo. Nilikuwa nimechoka mno.

Akamshika kweli. Akamkalisha wachambue pamba, safi huku, fifi kule. Fifi ni ile yenye madoa, daraja la chini. Mabula akachambua viganja vichache, halafu akammwagia bibi yake fungu zima kichwani.

"Ona, nimeota mvi mpya," Bibi akasema. Akacheka, lakini naye nilimwona mabega yameshuka. Kumbe hata yeye dawa hakuwa nayo.

Mimi nimekaa chini, nimeegemea mlango asitoke. Nikasema, "Unajisumbua, Bibi. Hawa binafsi hawaulizi fifi, wanachanganya tu. Wao kazi yao kuwavuta watu."

Mabula akasimama. "Wanawavutaje?"

Nguvu ya kueleza sikuwa nayo. Nikapaza sauti palepale nilipokaa, "Mkulima! Lete pamba hapa! Mimi sipunji mizani!"

Bibi akainuka, akaingia chumba cha pili, akadaka, "Usimsikilize tapeli huyo! Njoo chama, tunajuana tangu enzi za babu yako!"

Mtoto akabeba kapu kichwani, mbio. Tukawa tunamlipa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kipande kwa kila kapu. Anakuja kwangu, anabishana, anabeba tena, anampelekea Bibi.

"Chama, unalipa lini?"

"Kesho, mjukuu wangu."

"Binafsi analipa sasa hivi!"

"Ndiyo maana tunakufa," Bibi akasema, na mimi nikacheka mpaka machozi.

Usidhani ilimtosha. Alichoka na ukulima, tukamfanya mpima mizani. Akachoka na mizani, tukamfanya lori. Bibi akilala kidogo, mimi nanunua. Nikilala mimi, yeye ananunua. Tulikwenda hivyo mpaka mvua ikakatika na korongo likapungua.

Dada alipofika, alikuta pamba mpaka chini ya vitanda, safi na fifi pamoja. Akapiga kelele, "Mmeifanya nini pamba yetu?"

Bibi hakuinuka hata kwenye mkeka. "Angalia mtoto kwanza," akamwambia. "Yupo?"

Dada akageuka. Yupo, anamvuta kanga, anamuuliza kama samaki huwa wanalala.

Sasa sikiliza, mwanangu. Daktari ameipa hali ya mtoto wako ya kutotulia jina la Kiingereza, vizuri, fuata anayokuambia. Ila mvua ikiwafungia ndani na yeye anapanda kuta, usimwambie kaa, tulia. Mwambie beba, peleka, lete. Kazi iwe fupi, iwe na kwenda na kurudi, imchoshe mwili. Ikigoma, badilisha, usilie nayo. Na kabla hujashika fimbo, jiulize: amekosa, au nimechoka? Ukichoka sema umechoka, usimtwishe yeye. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na waliosema hivyo hawakusema ulee peke yako. Mlete kwangu Jumamosi. Magoti yanauma, lakini kununua pamba bado naweza.

Mungu ampe mwanao pa kukimbilia pasipo na maji. Na wewe akupe usingizi, akuamshe ukiwa bado unampenda.