Kilomita Kumi za Gentil

Ukimkuta Gentil akishuka vichochoro vya Cimpunda, Bukavu, asubuhi, tai shingoni, viatu mkononi visije vikachafuka na tope, usimwite Gentil. Mwite Ingénieur, yaani mhandisi, la sivyo hasikii. Hata mama mkwe wake ameshazoea.

Kazi yake ni mtandao wa kliniki moja kule Muhumba. Maabara iko juu, wodi ya uzazi iko chini, na katikati umefukiwa waya wa zamani wa nyuzi za kioo, wa rangi ya chungwa, aliouweka muzee Assani kabla hajastaafu akarudi kwao Uvira. Mwaka huu docteur Gisèle, mkurugenzi, alileta mitambo mipya akasema wazi: majibu ya damu yafike uzazi bila mtu kukimbia, na atakayefanikisha hilo ndiye chef de service, mkuu wa idara. Gentil akajiona ameshakalia kiti.

Ili mwanga uingie kwenye waya, kila mtambo huchomekwa kipande kidogo kiitwacho moduli. Ziko za masafa mafupi, ziko za masafa marefu. Waya wa zamani una kioo kipana ndani, unataka fupi. Ukiupa mwanga mwembamba wa masafa marefu, unatawanyika njiani na kufika vipande vipande. Gentil alilisoma hilo shuleni na mtihani akafaulu. Lakini mtu mkubwa atachomekaje kitu kifupi? Fupi zilizokuja na mitambo akazitupa kwenye droo, akanunua za kilomita kumi, kwa umbali ambao mbuzi anaumaliza kabla hajameza majani yake.

"Ingénieur, ile câble inataka zile mufupi," Yasmine, mwenzake wa ofisini, alimwonya.

"Zile ni za batu bafupi. Miye naweka za dix kilomètres."

Basi mtandao ukawaka, ukazimika, ukawaka tena, ukazimika. Gentil akamlaumu muzee Assani, akalaumu panya, akalaumu umeme. Docteur Gisèle hakubishana naye.

"Mpaka mutandao itembee," alisema, "majibu utabeba weye mwenyewe."

Ingénieur akageuka tarishi. Mvua ya Bukavu haiulizi cheo cha mtu. Alishuka na kupanda ngazi za nje kati ya maabara na uzazi, karatasi ndani ya koti, tope likimfika magotini. Droo haikuwa na kufuli. Ila kuzitoa fupi kulikuwa kukiri mbele ya kliniki nzima kwamba kilomita zake kumi ni upuuzi, na aibu hiyo aliiogopa kuliko mvua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Yasmine alichoka kumtazama. Asubuhi moja alishuka uzazi, akachomeka moduli fupi bila kelele. Akarudi juu, akangoja Gentil atoke na karatasi yake, akachomeka ya pili kwenye mtambo wa maabara.

Gentil alifika chini amelowa, tai imemganda shingoni. Alimkuta mkunga Mapendo ameshamtundikia damu mama mmoja aliyejifungua. Mapendo aliipokea karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaiweka kando bila kuikunjua, akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Aksanti, Papa Gentil. Tulishaiona ku écran."

Gentil alisimama pale, maji yakimdondoka sakafuni. Alisikia vizuri alivyoitwa, na hakumsahihisha.