Siku Saba Ndani ya Maji Safi

Watu wakinipa pole ya dada yangu huwa nakasirika. Wangejua! Nawaitikia asante tu.

Dada alikuwa msusi katikati ya Johannesburg, ghorofa ya pili, juu ya duka la jumla la mablanketi. Yeye ndiye aliyenitoa Tanga akanisomesha, mpaka nikafika kwenye maabara ya chuo nikawa natengeneza chembe za chuma na kaboni, ndogo mno hata jicho halizioni. Sisi wawili tuliziita vikapu. Mafundo yake ni chuma, ukindu wake ni kaboni, na ndani ya matundu yake unajaza dawa ya saratani. Kazi ya kikapu ni kuifikisha dawa kwenye uvimbe bila kuimwaga njiani.

Mwaka ule ule vikapu vyangu vilipokubali kushikana, dada akakutwa na saratani ya titi. Alichomwa dripu mbili za kemo, ile dawa kali ya saratani, nywele zikapukutika zote. "We, msusi kipara nani atamkalia?" aliniambia huku anacheka, halafu akalia palepale, kitana mkononi.

Jumapili moja nikaenda kwake mbio mbio. "Dada! Vikapu vimekaa majini siku saba, havijavunjika hata kimoja! Dawa hii ikija hutatapika wala hutanyonyoka."

"Lini?"

"Si muda mrefu, dada."

Mwongo mkubwa mimi. Maji yale yalikuwa yamechujwa mpaka hayana hata chembe ya chumvi. Maabara yetu ilikuwa na desturi ya kuanza na maji kwa sababu ni rahisi, na grafu yake inapendeza. Jaribio la damu hufuata baadaye. Hata hilo likipita, kuna miaka ya kujaribu kwa panya kabla ya kumfikia mtu. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilitaka tu acheke.

Miezi mitatu baadaye ndipo nilipoviweka kwenye seramu, yale majimaji ya damu, kwenye joto la mwili. Eish! Hata saa moja haikuisha. Damu ina chumvi ya fosfeti, na fosfeti hukivuta chuma kwa nguvu kuliko kaboni inavyoweza kukishika. Mafundo yakafumuka, dawa yote ikamwagika. Msimamizi wangu akasema ndiyo sayansi hiyo, tujaribu madini mengine. Nikavua koti nikaenda kwa dada.

Alikuwa peke yake saluni, uso umenawiri. Akafunga mlango, akavua mtandio. "Njoo ushike!" Nywele laini, nyeusi, kama za mtoto wa arobaini. "Ona zilivyorudi, mdogo wangu!"

Nikauondoa mkono kichwani kwake. Mtu anayechomwa kemo kila wiki tatu haoti nywele namna ile.

"Dada, hospitali umeenda lini?"

"Niliacha zamani. Ukiniuliza nakwambia nimeenda, usije ukanigombeza bure. Nasubiri ya kwako."

Nilimwambia ukweli hapo hapo, nimepiga magoti juu ya rasta zilizotapakaa sakafuni, nalia kama mtoto. Hakunigombeza. Laiti angenizaba kibao! Aliuliza tu, "Vimevunjika vyote?" Nikasema vyote. Akajifunga mtandio, akafungua mlango, akamwita mteja aliyekuwa amefika na kusubiri nje.

Kesho yake nikampeleka hospitali. Walipompima, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akafungua jalada akauliza kwa nini mgonjwa aliacha dawa, kuna mtu aliyemshauri?

Dada alinitazama kidogo tu, kisha akamgeukia muuguzi.

"Hakuna, sista. Ni ujinga wangu mwenyewe."

Nilikuwa nimekaa na dada, bega kwa bega. Nilikijua Kiingereza kuliko yeye, na ningeweza kusema ni mimi, kwa maneno matatu tu. Sikusema. Muuguzi akaandika, akafunga jalada.

Dada alifariki kabla ya Ramadhani. Jalada lile bado lipo hospitali, na linasema aliacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.