Fundi Pekee Aliyeruhusiwa Kuingia

Mwaka 2010 mafundi redio walijaa Tunduma, lakini mwanamke alikuwa mmoja tu: Nesta Simbeye wa mtaa wa Chapwa. Kwao kijijini Isansa, akiwa na miaka tisa, aliifungua redio ya baba yake kwa kisu cha kumenyea viazi, akitaka kuwaona watu wanaosoma taarifa ya habari. Hakuwakuta. Alichapwa, akalia, na kesho yake akaifunga upya, ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Baba yake alibaki kaishika fimbo, hajui amchape tena au amwombe radhi.

Alipoolewa na Efraimu, seremala, aliweka meza yake karibu na soko. Wateja wageni walikuwa wakifika na kuuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye," Nesta alikuwa akijibu.

"Haya, nitamsubiri mumeo arudi."

Basi Jumamosi moja mchana alikuwa ndiyo kwanza ametia tonge la ugali mdomoni, akamwona mama mmoja anakuja mbio, kanga inamdondoka bega moja, anapumua kama aliyefukuzwa na ng'ombe.

"Fundi mwanamke ni wewe?"

Nesta akaitikia kwa kichwa.

"Alhamdulillahi! Inuka, mwanangu, twende!"

Huyo alikuwa Bi Mwanaasha, shangazi yake Raudha, na Raudha ndiye bibi harusi, binti wa Sufiani mwenye malori. Njiani alieleza mambo yote kwa pumzi moja. Leo ni siku ya wanawake kumchezea mwali. Uwani wamejaa wanawake mia mbili, wamevua mabaibui, wamejiachia, mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Nyimbo zimo ndani ya laptopu, laptopu imeunganishwa kwenye amplifaya mpya iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, na hiyo amplifaya inanguruma kama ina jini. Fundi Rubeni aliyezifunga spika asubuhi yuko nje ya ukuta, anapiga kelele za maelekezo, na hakuna anayemwelewa.

Walipofika, kweli Rubeni alikuwa ameubandikia ukuta sikio.

"Dada Nesta! Bora umekuja. Wamenikataza kila kitu isipokuwa kupiga kelele!"

Ndani, Nesta aliusikia huo mngurumo: mmmmmm, mzito, usiokata. Mtu akigusa kipanya cha laptopu, juu yake panaongezeka kijisauti cha ziii-ziii. Akina mama walikuwa wamekwishachoka kusubiri, basi walikuwa wakiuchezea mngurumo wenyewe. Mmoja anasogeza kipanya, ziii, wengine wanatikisa kiuno, kisha wote wanaanguka kwa kicheko. Raudha, hina haijakauka mikononi, alicheka mpaka machozi yakataka kumharibia wanja.

Nesta naye kicheko kilimbana. Akakikaza, akapiga magoti. Kwanza akachomoa waya uliotoka kwenye laptopu na kuongeza sauti ya amplifaya. Kimya.

"Amplifaya haina kosa," akasema.

Akachomeka simu yake mahali pa laptopu. Wimbo ukatoka safi kama maji ya chemchemi, na vigelegele vikapaa. Bahati mbaya simu ilikuwa na nyimbo tatu tu, mbili za kwaya. Hakuna aliyejali, walizicheza za kwaya vilevile.

Akairudisha laptopu, kisha akaing'oa chaja yake ukutani. Mngurumo ukakatika palepale.

"Nimemkamata!" akapaza sauti. "Anapitia kwenye chaja!"

Wakaanza kucheza kwa betri. Dakika saba, betri ikafa, mwanamke mmoja akabaki na mguu hewani.

Nesta akachomeka amplifaya na chaja kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukapungua, lakini ziii ikabaki.

"Dada Nesta!" Rubeni akaita kutoka nje. "Kata ule mguu wa ethi kwenye plagi! Mimi hukata siku zote!"

"Sikati, Kaka Rubeni! Huo ndio unaopeleka shoti ardhini. Humu watu wana hina mbichi mikononi na maji miguuni, unataka nimuue bibi harusi?"

"Basi na mimi ya nyumbani kwangu nitairudishia mguu wake," Rubeni akajibu.

Hapo Nesta akakumbuka kitu. Alimtuma Rubeni mezani kwake, chini, kwenye boksi la modemu mbovu za kafe ya intaneti iliyofungwa. Alete mbili, na kichomeo cha risasi cha kuunganishia nyaya. Rubeni alikwenda mbio. Aliporudi alivifunga kwenye mfuko, akavirusha juu ya ukuta bila kuona, na mfuko ukatua katikati ya sinia la pilau.

Nesta akavifuta pilau, akachomoa kutoka kila modemu transfoma ndogo kama kipande cha sukari, moja kwa spika ya kulia, moja kwa ya kushoto.

"Hizo za nini, mwanangu?" Bi Mwanaasha akauliza.

"Shangazi, kaka yako mzigo wake ukifika mpakani si unahamishiwa lori lingine? Mzigo unavuka, lori la kwanza linabaki. Na humu ndani ya transfoma waya wa laptopu haugusani na wa amplifaya. Wimbo unavuka, uchafu wa umeme unabaki kwao."

Aliunganisha waya wa mwisho, akavifungia vyote ndani ya kikebe cha mafuta ya nywele, akakichomeka kati ya laptopu na amplifaya, akaongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna mmmmmm. Hakuna ziii. Raudha mwenyewe akakisogeza kipanya kwa kidole kimoja. Kimya! Akabonyeza, na taarabu ikalipuka uwanja mzima.

Nesta hakukumbuka baadaye nani alimnyanyua. Alijua tu kwamba miguu yake haikugusa chini, kichomeo kikiwa bado mkononi, naye akipiga kelele kwa Kinyiha, lugha ya kwao, maneno ambayo mama yake asingeyapenda. Walipomshusha, Bi Mwanaasha alimkalisha kwa nguvu, akamchora hina mkono wote wa kulia, maua mpaka kwenye kiwiko.

Jumapili kanisani alijaribu kuuficha ndani ya kitenge, lakini wakati wa kusalimiana mke wa mchungaji aliukamata, akaugeuzageuza, macho yamemtoka.

"Nesta! Nani kakuchora hivi?"

Nesta akaanza kujitetea: shughuli, spika, transfoma, pilau.

"Hayo sijakuuliza," mama mchungaji akamnong'oneza. "Nakuuliza anakaa mtaa gani?"