Mikanda Miwili, Ukurasa Mtupu

Mwanangu, nakuona na hiyo kamera ya mkanda, na nimefurahi kwamba vijana mmezirudia. Ila ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo sijaisahau. Nisikilize kidogo.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, najifunza kazi kwa Bi Salma wa Magomeni, mpiga picha wa shughuli za wanawake. Kina mama walimwita yeye kwa sababu moja: mbele yake walivua mabuibui wakacheza watakavyo, wakijua hakuna mwanamume atakayeziona picha zile. Alizisafisha mwenyewe, nyumbani kwake.

Alikuwa na kamera mbili za aina moja, huwezi kuzitofautisha. Aliniagiza kila nikiweka mkanda niandike daftarini: kamera ipi, lenzi ipi, picha za nani. Niliona ananisumbua bure. Kichwa changu kilinitosha, au ndivyo nilivyodhani.

Jumamosi hiyo asubuhi nilipiga picha za michezo ya shule pale Mnazi Mmoja, kwa lenzi ndefu. Mchana tukaingia kwenye ngoma ya bi harusi mmoja Kariakoo, nikashika kamera ya pili, yenye lenzi fupi. Katikati ya ngoma nikataka nyuso kwa karibu, basi nikabadilisha: lenzi ndefu ikahamia kamera ya harusi, fupi ikaenda ile ya michezo. Sikuandika. Jioni Mwalimu Komba wa ile shule akaja kuchukua mkanda wake, aupeleke kusafishwa dukani mjini. Nikafungua kamera yenye lenzi ndefu, nikampa mkanda uliokuwamo.

Jumatatu asubuhi Bi Salma akafungua daftari, akakuta ukurasa mtupu. Akaniuliza lenzi ndefu ilikuwa kwenye kamera ipi. Nilifungua mdomo nimjibu, ndipo nikakumbuka kwamba nilizibadilisha, na Mwalimu ameondoka na mkanda wa harusi.

Mwalimu alikuwa amelitaja duka atakalokwenda, karibu na Mnazi Mmoja. Tulikodi teksi. Duka lile nililijua; picha nzuri za wateja walizibandika dirishani. Njiani nikawa namwona akilini yule bi harusi pale dirishani, nywele wazi, watu wakipita wanamtazama. Niliwaona kaka zake. Nilitamani teksi isifike.

Dirishani hapakuwa na kitu kipya. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliitikia shikamoo zetu, na tulipomweleza akatoa bahasha kwenye droo.

"Nimeona ya kwanza tu," alisema. "Nikajua ni za wanawake, nikamwita mke wangu amalizie. Mwalimu bado hajaja."

Nilidhani yameisha. Tulipotoka nje Bi Salma akaniambia, "Sasa twende kwa mama wa bi harusi. Utamweleza wewe."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoogopa kweli. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni picha ya nani aliyoiona yule mzee. Nikamwambia ni ya binti yake. Aliifunga bahasha kwenye pindo la khanga, akaingia ndani bila kuniaga. Bi Salma hakuitwa tena nyumba ile, wala kwa ndugu zao. Kosa lilikuwa langu, jina lililoharibika likawa lake. Na hakunifukuza, afadhali angenifukuza.

Kwa hiyo nakuomba. Ukiweka mkanda, andika. Ukibadilisha lenzi, simama, andika, hata kama ngoma imepamba moto na watu wanakuita. Andika kamera, lenzi, na nani yumo ndani. Huyo aliyemo amekukabidhi uso wake, na mkanda ukishatoka mikononi mwako huna uwezo nao tena. Mimi yule mzee alinisitiri. Wewe usimtegemee mtu wa namna hiyo, huenda siku yako asiwepo.

Mungu akupe macho mazuri na mkono mtulivu, na kila atakayekaa mbele ya kamera yako aondoke akiwa na amani.