Magoti ya Mama na Unga Mweupe

Huku kwetu juu Newala, maji hayamfuati mtu, mtu ndiye anayeyafuata. Tuliteremka gengeni mpaka bondeni na mitungi mitupu, tukapanda nayo imejaa. Enzi ya Wadachi hakukuwa na mwanamke wa makamo asiyekuwa na kesi na magoti yake. Ya mama yangu yalikuwa mabaya kuliko ya wenzake wote. Yakivimba yalikuwa yanawaka, ukiyagusa unaondoa mkono.

Kwa uvimbe ule tulikuwa na utaratibu wetu, na mwenye mkono wa kazi hiyo alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Alipasha majani ya mbarika juu ya makaa, akayapaka mafuta ya mbarika huohuo, akayafunga gotini yangali na joto. Lakini majani yalikuwa nusu tu ya dawa. Nusu ya pili ilikuwa mwiko: goti lililofungwa haliteremki gengeni mpaka uvimbe unywee. Siku zote hizo, kila mwanamke aliyerudi na maji alimmiminia mgonjwa kidogo katika mtungi wake. Hakuna aliyeombwa, wala hakuna aliyeshukuriwa, maana zamu yako nawe ilikuwa njiani.

Nayasema haya kwa sababu wajukuu zangu hunicheka wakiniona na majani gotini. "Bibi, si umeze kidonge tu?" wananiambia. Haya. Wao hawakumwona mama yangu.

Vita vya Maji Maji vilipofika upande wa Masasi, wanaume walinyweshwa maji na kunyunyiziwa ili risasi isiwaingie. Wengi hawakurudi. Kisha wakapita askari wa Wadachi, wakabeba mtama wa ghalani, na ule usiobebeka wakautia moto. Nyuma yao ikabaki njaa. Tulichimba ming'oko, vile viazi mwitu vya porini, mpaka ming'oko nayo ikatukimbia. Mwanamke aliyepanda genge na mtungi wake hakuwa na nguvu ya kubeba maji ya jirani, kwa hiyo mtungi wa mgonjwa ukabaki mkavu. Sikumlaumu mtu wakati ule, na simlaumu sasa.

Mimi nilikuwa ndio kwanza nimejifungua mwanangu wa kwanza, wa kike, kadogo hata kulia kalikuwa kanashindwa. Na magoti ya mama yakavimba wakati uleule. Shangazi akaja na majani yake, akamtazama, akasema, "Wifi, magoti yako yamenona kuliko wewe mwenyewe." Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akauliza, "Sasa nikikaa hapa, huyu mzazi atakunywa nini?"

Jibu alilileta mume wangu, masikini, kwa nia njema kabisa. Kwetu mwanamume akioa huhamia ukweni, kwa hiyo tuliishi pale pale kwa mama, na yeye alikuwa akiwabebea Wadachi mizigo baina ya Masasi na Lindi. Kiongozi wa msafara wao alimpa unga mweupe, mchachu, umefungwa katika vikaratasi, dawa ya mabega. Hakuumaliza. Uliobaki akanikabidhi mimi, maana mkwe hazungumzi na mama mkwe wake uso kwa uso. "Mpe mama," akasema. "Maumivu yanakwisha."

Yakaisha kweli. Mama aliunywa alfajiri, na jua halijawa kali tayari yuko gengeni na mtungi kichwani. Alirudi anaimba. Nikanywa maji yale, nikamnyonyesha mwanangu, nikamshukuru Mungu na Mdachi wake.

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue. Kwetu dawa ya kunywa, iwe mizizi, iwe magome, hunywewa alfajiri kabla hujatia kitu kinywani na kabla hujamsalimu mtu. Ukila kwanza, umeiharibu. Hivyo ndivyo mama alivyolelewa, na unga wa Wadachi akaunywa vivyo hivyo, katika tumbo ambalo jana yake halikupata ila mng'oko mmoja. Nani angemwambia vingine? Kila safari mume wangu alileta vikaratasi zaidi, na kila alfajiri mama alikunywa kimya kimya, kwa adabu zote za dawa.

Tumbo likaanza kumchoma. Shangazi alimkuta amejikunja nyuma ya nyumba, akamkemea. "Acha huo unga, wifi. Njoo nikufunge majani, ukae. Goti linauma ili ukae." Mama akamjibu, "Nitakaa njaa ikiisha." Mficha maradhi, kifo humuumbua. Choo chake kilikuwa kimekuwa cheusi kama masizi, na hakumwambia mtu mpaka siku alipoanguka.

Alianguka mlangoni, ametoka bondeni. Mtungi haukuvunjika, aliutua kwanza. Kisha akatapika damu, nyingi, nami nikamshika kichwa huku mtoto analia mgongoni. Kesho yake mume wangu akarudi kutoka Lindi. Alisimama nyuma ya ukuta, akaniita, na kwa haya ya kulitaja tumbo la mkwewe akanong'ona, "Nimeambiwa ule unga haunywewi na tumbo tupu. Mtu ale kwanza."

Nikamwuliza, "Ale nini?"

Akachutama pale nje akalia, mwanamume mzima. Mama alikufa jioni ile.

Waliokuja mazikoni walisema sikio la kufa halisikii dawa. Maneno hayo yaliniudhi, na yananiudhi mpaka leo. Mama alisikia dawa, tena sana.

Leo magoti yake ninayo mimi. Vidonge vya dukani sivikatai, uvimbe ukinizidi nameza, lakini nakula kwanza nikashiba, na nikishameza sitoki. Nakaa na majani yangu, mjukuu ataleta maji. Wanasema bibi mvivu. Waseme.

Mama tulimwosha mimi na shangazi, kwa maji ya mtungi aliouleta mwenyewe, kwani hatukuwa na mengine. Shangazi alipofika magotini mkono wake ukasita. Hayakuwa na uvimbe hata kidogo. Yalikuwa laini, yamenyooka, magoti ya msichana. Akayapapasa, moja baada ya jingine.

"Yamepona, wifi," akamwambia, akaendelea kuosha.